Vipande Vitatu vya Kalondu

Daktari Nzilani Mulinge hakuwa mtu wa kupendwa, wala hakujisumbua kupendwa. Alizaliwa Voi, babake akiuza vipuri vya baiskeli, akasomea Nairobi, akarudi nyumbani na shahada tatu na ulimi mkali. Kwa miaka kumi na minne alifanya kazi moja tu: kuchunguza jinsi uvimbe wa titi unavyoanza. Madaktari wenzake walikutana na saratani ikiwa imeshakomaa. Yeye alitaka kuikamata ingali changa, na kwa hilo alihitaji nyama ya mwanamke yuleyule leo, kisha tena baada ya miaka kadhaa, kisha tena.

Wanawake wa namna hiyo ni wa kutafuta kwa tochi. Wengi wakidungwa sindano mara moja hawarudi, na mtaani walishamwita mla matiti. Ni Kalondu peke yake, mchuuzi wa ndizi kutoka Mata, aliyerudi mara tatu katika miaka tisa. Kipande chake cha kwanza kilikuwa hakina neno. Cha pili chembe zake zilikuwa zimeanza kubadilika vibaya. Cha tatu kilikuwa saratani. Nzilani alivihifadhi ndani ya nta, vibonge vitatu vidogo, na juu ya vibonge hivyo ulisimama utafiti wake wote.

Tuseme ukweli, maana watu wanapenda kumpaka matope: alipoona kipande cha pili alimsihi Kalondu akubali upasuaji. Kalondu akaenda kumwuliza mumewe. Kiema akasema yeye hakuoa nusu mwanamke. Yakaishia hapo, na Kalondu akafa mwezi wa Machi.

Siku nne baadaye Kiema alijaa mlangoni pa maabara na ndugu zake wawili.

"Mke wangu hazikwi akiwa na mapengo," alisema. "Leta nyama yake."

"Alitia kidole kwa fomu, mzee. Ni ya utafiti."

"Miaka tisa unaangalia ugonjwa ukimla, unaandika tu kwa kitabu! Wewe ni fisi, si daktari."

"Na wewe ulimkataza kutibiwa. Usije kunililia hapa."

Kiema alimtemea mate miguuni. Aliapa kwamba mwili utakaa mochari mpaka vipande virudi, na kweli ukakaa, wiki mbili nzima, huku wakubwa wa Nzilani wakimpigia simu kila asubuhi wakitaka ayamalize.

Akayamaliza. Aliyeyusha nta tupu, akatengeneza vibonge vitatu, akavibandika jina la Kalondu na kuvitia kwenye kisanduku. Vile vya kweli vilibaki kabatini. Roho haikumsuta, hasira ilikuwa imemjaa mno. Kule Mata alisimama kando ya kaburi, macho makavu, akimtazama Kiema akikiweka kisanduku ndani ya jeneza na kulia kwa sauti. Alimchukia hata akilia.

"Ni vyote?" aliuliza Katunge, binti wa marehemu.

"Vyote."

Baada ya miezi miwili Katunge alikuja kliniki bila babake kujua. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Nzilani alimpapasa titi la kushoto, akakikuta kitu kigumu, kama punje ya mahindi.

"Nimekuja kwako kwa sababu ulimrudisha mama," Katunge alisema. "Wengine siwaamini. Na mimi, daktari, nikifa mtanirudisha?"

Angeweza kujibu ndiyo. Uongo mkubwa zaidi alishausema kaburini. Lakini msichana alikuwa amemkazia macho ya mtu anayeamini, na kwa mara ya kwanza Nzilani akaona aibu.

"Mama yako sikumrudisha," alisema. "Mlizika nta. Vipande viko hapa."

Katunge alifunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

"Baba alikukataa tangu mwanzo. Mimi ndiye nilikuwa nakutetea."

"Nichukie, Katunge, lakini kapimwe. Nitakuandikia barua. Nenda Mombasa, nenda popote, ila hicho kitu kisikae."

"Usinipangie maisha."

Nzilani alimpigia simu jioni ile, na kesho yake, na wiki nzima iliyofuata. Siku ya nane simu ikapokewa. Alikuwa Kiema.

"Binti yangu hana ugonjwa wowote," alisema, akakata.