Siku Niliyokalia Tofali

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ni siku niliyokaa juu ya lundo la tofali pale Gungu, mwiko mapajani, jua linanichoma kisogo, na wenzangu wanapita mbele yangu na ndoo za maji kichwani, hawataki kunitazama.

Mwanangu, nakueleza habari hii kwa sababu mradi umekuja tena. Umekuja na magari yake na mabango yake. Vijana wanafundishwa uashi na useremala, na wasichana wamewekewa nafasi zao. Mjukuu wangu Riziki amemaliza uashi na wenzake, na Jumatatu wanaanza kazi kwenye jengo la zahanati huko Kigoma mjini. Alikuja kunipa habari anacheka mpaka magego yanaonekana. Mimi sikucheka. Nilimwambia kaa chini. Na wewe unayesoma, kaa.

Zamani zetu nasi tulipata mradi. Nilikuwa msichana wa Ujiji, baba yangu mvuvi aliyevuka ziwa kutoka Kongo, shule niliiacha mapema. Waliotoa fedha walikuwa watu wa mbali, na sina ubaya nao. Walitulipia mwalimu, wakamnunulia kila mtu mwiko, kamba, timazi na pima maji. Mwalimu alikuwa mtu wa Kasulu, mkali, anafundisha kwa kelele kama anafukuza mbuzi shambani. Alitufundisha kwa tofali zetu hizi za kuchoma, ambazo hakuna mbili zinazolingana. Hii imepinda, ile imevimba tumbo, na wewe lazima ukuta utoke umenyooka. Wengine walishindwa kona. Mimi kona ndiyo niliyoipenda. Nilipandisha yangu, mwalimu akashusha timazi, akatazama, akaondoka bila kusema neno. Kwa mtu yule, kukaa kimya ndiyo ilikuwa sifa.

Siku ya kufunga mafunzo wenye fedha walikuja. Tukajenga ukuta mbele yao kwa udongo mtupu, bila saruji, maana kesho yake ungebomolewa tofali zitumike tena. Wakapiga makofi, wakapiga picha. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Tukapewa vyeti. Magari yakaondoka, vumbi likatulia, na hapo ndipo fedha zilipoishia. Mpaka leo hili linanikera moyoni: watu walitoka mbali kote kule kutazama ukuta wa kubomoa, na hakuna hata mmoja aliyekuja siku ya kwanza ya kazi kutazama tunajengaje ukuta wa kubaki.

Sisi wasichana tulilala chumba kimoja ili tusichelewe, na siku hiyo ya kwanza tukafika saiti ya Gungu alfajiri. Yalikuwa yanajengwa madarasa. Wavulana tuliosoma nao walitangulia, wakapangiwa kuta. Sisi tukasimama. Msimamizi akaja, kalamu sikioni.

"Nyie ndio wale wasichana wa mradi?"

"Ndio sisi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndoo zile pale. Maji yako bondeni."

Nikasema, "Mzee, sisi ni waashi. Tuonyeshe ukuta wetu."

Mafundi waliokuwa juu ya jukwaa wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Dada, ukuta si ugali, hausongwi!" Mwingine akadakia, "Mwacheni, leo tutajengewa nyumba yenye hina!"

Msimamizi hakucheka. Alisema taratibu tu, "Anzeni na ndoo. Mkizoea, tutaona."

Salima, rafiki yangu wa toka utotoni, ndiye aliyeinama kwanza. Akaninong'oneza, "Mwamvua, chukua tu. Kesho watatupa ukuta." Akajitwika. Wa pili akamfuata, na wa tatu, mpaka nikabaki peke yangu. Nikaenda nikakaa juu ya tofali.

Nilidhani msimamizi atakuja kunibembeleza. Hakuja. Vijana wa saidia fundi walichukua tofali kulia kwangu, wakachukua kushoto kwangu, wakazunguka nyuma, na mimi nikawa nashuka chini kidogo kidogo kama mtumbwi unaovuja. Mchana wakala, sikuitwa. Jioni nilikuwa nimekalia vipande tu. Msimamizi akapita, akasema, "Wewe kesho usije." Na alivyokuwa mtu wa maneno, wiki ile ile kila saiti ya mji huu ilishasikia kuna binti mmoja wa Ujiji mwenye kiburi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi yangu Tatu, aliyekuwa anaanika dagaa ufukweni. Shangazi Tatu alikuwa haogopi mwanamume wala serikali. Nilijua atanisifu.

"Nimekataa ndoo, shangazi."

"Na wenzako?"

"Wameichukua."

"Uliwaambia lini kwamba mtakataa?"

Shangazi aliendelea kutandaza dagaa wake, hata hakuniangalia. "Haki ilikuwa yako. Lakini umeipigania kama mtoto anayesusa chakula. Mngekaa wote juu ya tofali, maji angechota nani? Yeye na kalamu yake? Ulijua unakwenda kwa watu wa namna gani. Usiku kucha umelala na wenzako chumba kimoja, hukufungua mdomo. Ulitaka uwe shujaa peke yako. Haya, shujaa, nisaidie kugeuza dagaa."

Nililia, nikageuza dagaa. Mwanangu, maneno yale yaliniuma kuliko kicheko cha wale mafundi, kwa sababu wale walikuwa wajinga, na shangazi hakuwa mjinga.

Sikupata tena kuta za watu. Niliuza mawese mpaka mikono ikawa na rangi yake. Nilijenga jiko langu kwa mikono yangu, na kona zake ukitaka njoo na timazi yako upime. Wageni huniuliza ni fundi gani, nikisema ni mimi, wanacheka kwa adabu.

Na Salima? Alibeba maji na zege mpaka amezaa, mpaka ameitwa bibi. Leo shingo yake haigeuki, ukimwita anageuka mwili mzima. Juzi nilimuuliza kama anakumbuka aliniambia nini siku ile. Akasema, "Nakumbuka. Ile kesho yenyewe bado naingoja." Tukacheka, halafu tukaacha kucheka.

Basi sikia, wewe msichana unayekwenda saiti na cheti kipya. Ndoo si aibu. Kama wavulana mliosoma nao wanaanza na ndoo, anzeni nao, tena msiwape nafasi ya kuwapita. Lakini wakipewa wao ukuta na nyinyi mkapewa maji, ndoo ziwekeni chini, wote, kwa pamoja, na mseme kwa heshima mmesomea nini. Hayo mkubaliane kabla, mkiwa nyumbani, kila mmoja aseme kwa kinywa chake. Usimtegemee mwenzako kwa kumtazama usoni. Na kabla hujaimba siku ya kufunga mafunzo, simama uulize mbele ya wageni: nani atatupa kazi, na kazi gani? Wakikasirika, umeshajua jibu lao.

Na nyinyi mnaoleta fedha, msiondoke siku ya vyeti. Bakizeni nauli kidogo, mje siku msichana anapoonyeshwa ndoo.

Riziki aliniuliza, "Bibi, na wakitufukuza wote?"

Nikamwambia, "Nilifukuzwa peke yangu, nikaitwa mwenye kiburi. Mkifukuzwa wote, atakayeulizwa ni msimamizi."

Jana aliwaleta wenzake hapa, nikawapikia samaki mgebuka kwa mawese. Hawakuondoka mpaka kila mmoja aliposema kwa kinywa chake kwamba ndoo ataiweka chini. Mmoja alisema kwa sauti ndogo mno, nikamrudisha akasema tena.

Jumatatu nitapanda bajaji na kigoda changu. Nitakaa karibu na tofali zao, safari hii siyo juu yake, miguu haipandi. Atakayempa mjukuu wangu ndoo anipe na mimi yangu, tuone.

Mungu akuweke, mwanangu. Akupe mkono usiotetemeka na mdomo usiokwama. Akupe wenzako watakaokaa nawe. Na ukuta wako wa kwanza usibomolewe kesho yake.