Miti ya Nyuma ya Gare

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Watoto waliofariki wakingoja treni walizikwa chini ya mijakaranda, nyuma ya gare ya Likasi." Niliiandika mwishoni mwa makala kuhusu kufukuzwa kwa watu wa Kasai kutoka Katanga, katika ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiandika na yeyote anaweza kuifuta. Chai yangu ilikuwa haijapoa nilipokuta imefutwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa maneno mawili: "Hakuna chanzo."

Aliyeifuta nilimjua. Wahariri wa kujitolea hapa Lubumbashi tulikuwa wachache, tukikutana Jumamosi moja moja kwenye ukumbi wa parokia uliokuwa na mtandao wa maana. Yeye ni mfamasia, mtu mpole, Mkatanga kwa baba na kwa mama, shati lake limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Mimi nafundisha kemia, na upole sikupewa. Mama alizoea kusema kwamba nilizaliwa na pilipili mdomoni. Niliirudisha sentensi. Akaifuta. Nikairudisha tena, na kwenye ukurasa wa majadiliano nikamwandikia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kitanda hicho mama yangu alikilalia kweli. Mwanzoni mwa miaka ya tisini migodi ilikuwa inaporomoka, mishahara haionekani, na wakubwa wakatafuta wa kumtwika lawama. Ikasemwa kwamba wote wenye asili ya Kasai warudi kwao. Baba na mama walikuwa wamezaliwa Likasi. Huko "kwao" hawakuwahi kufika hata kwa matembezi. Vijana wenye fimbo walipoingia mtaani, majirani walifunga madirisha. Baba aling'oa mlango wa nyumba, kwa kuwa aliununua kwa jasho lake, akaubeba kichwani mpaka gare, kwenye kituo cha treni, ambako maelfu ya wenzao walikuwa wamejaa wakingoja usafiri. Mlango ule ndio uliokuwa kitanda chao kwa muda wote waliokaa pale. Haukufika Kasai, na mimi sikuwahi kuuliza uliishia wapi.

Walikuwa na binti mchanga, dada yangu, ambaye sikumwona. Mimi nilizaliwa baadaye, Kasai, ambako nako walituita wageni. Baba alipofariki, mama alinirudisha huku, tukajenga mtaa wa Ruashi, hapa Lubumbashi. Kuhusu dada alisema jambo moja tu, kila mara kwa maneno yaleyale: alikufa kwa homa pale gare, wakamzika nyuma chini ya mjakaranda, na siku hiyo maua yalikuwa yametapakaa ardhini. Likasi si mbali. Mara nyingi nilimwambia twende tukaweke hata jiwe. Hakukosa sababu ya kukataa: mara goti, mara mvua, mara barabara mbovu.

Kwa hiyo yule mfamasia alipofuta sentensi, niliona ameng'oa jiwe ambalo hata lilikuwa halijawekwa. Jumamosi iliyofuata nilimkabili ukumbini mbele ya wote.

"Unafuta kwa sababu ya kabila," nilimwambia. "Sema tu."

Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaniita kwa heshima kama mkubwa wake. "Yaya, ile article miye njo niliandika kipande kikubwa. Bantu balifukuzwa, njaa, kipindupindu, bantu benye balikufa mu treni, byote niliweka, na byote biko na source. Hii ya miti, nani aliandika mu gazeti?"

"Mama yangu aliona!"

"Mama yako minamuamini. Lakini kesho muntu mwingine atakuya, atasema mama yake naye aliona Bakasai banachoma manyumba. Ule nitamukatalia na nini?"

Nilipaza sauti. "Njia ya mwongo ni fupi," nikamwambia, nikachukua mkoba wangu, nikatoka. Ni kweli kwamba makala aliijenga yeye, kwa magazeti ya zamani aliyokwenda kuyasoma moja moja maktabani. Lakini maneno yake niliyaona makavu kama unga wa vidonge, na sikumshukuru hata kidogo.

Sikuwa napigania kamusi. Figo za mama zilikuwa zimechoka, mama alikuwa anaisha mbele ya macho yangu, na mwanawe wa kwanza hakuwa na kaburi linaloonekana, wala cheti, wala picha. Nilitaka mtoto yule awe na mahali kabla mama hajaondoka, hata pawe ni mstari mmoja ndani ya simu. Siku ambazo sentensi ilikuwa haijafutwa, nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamsomea mama makala. Habari za treni hakuzitaka. "Ruka pale," aliniambia kila nilipofika kwenye mabehewa, akipunga mkono kana kwamba anafukuza nzi. "Soma ya miti." Nilisoma ya miti. "Soma tena." Nilisoma tena, naye alifumba macho, uso umetulia. Nilidhani yale ya treni yanamchosha kwa urefu wake.

Mwishowe mfamasia aliacha kufuta. Aliiacha sentensi pale, akaibandika mwishoni maneno madogo ndani ya mabano: chanzo kinahitajika. Mimi niliyaona ni tusi, na nilipokuwa nikisoma niliyameza. Mama aliyaona.

"Tule tumaneno twa ku mwisho tunasema nini?"

"Banaomba shahidi, mama."

Nilingoja akasirike pamoja nami, tumseme mfamasia wa watu mpaka tuchoke. Aligeukia ukutani. "Beko na haki ya kuuliza," alisema, na siku hiyo hakuomba nisome tena.

Alifariki mvua zilipoanza. Kilio kilikuwa uani kwetu, chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki vya kukodi. Kwetu mtu hazikwi hivi hivi tu. Kabla jeneza halijatoka, mmoja wa familia husimama mbele ya wajomba na kutoa kile tunachokiita historique: ugonjwa ulianzaje, nani alimpeleka hospitali, alipewa dawa gani, nani alikuwa kando yake pumzi ilipokatika. Wajomba huuliza, na huuliza bila huruma, maana kifo kisichoelezwa huzaa fitina na watu huanza kutajana uchawi. Ukisema "walisema", utaulizwa ni nani alisema. Ukisema "nilisikia", utaambiwa uketi, aletwe aliyeona. Nimekua nikiyaona haya na sikuwahi kuyafananisha na kitu kingine chochote.

Mfamasia alikuja pamoja na wahariri wenzetu, wakakaa nyuma. Nilimwona. Nilieleza habari ya figo, ya hospitali, ya asubuhi ya mwisho, na wajomba wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ningeweza kuketi hapo. Lakini pilipili ile haikuniacha. Niliongeza, macho yangu yakiwa kwenye safu ya nyuma, kwamba mama alizaa watoto wawili, na wa kwanza amelala chini ya mjakaranda nyuma ya gare ya Likasi.

Mjomba mkubwa alikohoa. "Weye ulikuwa pale?"

"Hapana, mujomba. Mama njo aliniambiaka."

"Sasa nani alikuwa pale?"

Kisha mama mudogo, mdogo wake mama, ambaye wakati wa kufukuzwa alikuwa msichana na alisafiri pamoja nao, aliinuka kutoka kwenye mikeka ya wanawake. Alijifunga kitenge upya, taratibu, kama mtu anayetafuta muda.

"Miye nilikuwa pale," alisema. "Ku gare hatukuzika muntu wetu. Mutoto alipanda treni muzima, mu mugongo ya mama yake. Alikufa mu wagon, njiani, na treni ilisimama mu pori. Balisema benye kufa bote bashushwe. Tulimulalisha kando ya reli, na baba yake akamufunika na mulango ya nyumba. Kisha treni ikaenda. Ile fasi hatuyue jina yake."

"Na miti?" niliuliza. Sauti yangu ilitoka ndogo, kama ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Miti ilikuwako. Tulikuwa tunalalaka chini yake. Yaya, mama yako, alichagula fasi yenye anaweza kukumbuka."

Mjomba aliinamisha kichwa. "Tumesikia," alisema, na watu wote wakaitikia kwamba wamesikia, maana ndivyo historique inavyofungwa.

Nilikasirika. Nilimkasirikia mama mudogo kwa kunyamaza miaka yote, nikamkasirikia mama aliyelala pale bila uwezo wa kujitetea, nikamkasirikia hata mfamasia aliyekuwa akitazama viatu vyake. Kisha hasira iliisha na kikabaki kitu kilichoniuma kuliko kifo chenyewe, kwa sababu mama nilijua atazikwa wapi, dada sikujua tena. Watu walipopita kutoa mkono, mfamasia aliushika wangu kwa mikono yake miwili. "Pole, yaya. Pole sana," alisema. Makala hakuitaja, siku hiyo wala baadaye.

Kilio kilipovunjwa na wageni kuondoka, nilikaa jikoni na mama mudogo akichambua mboga ya lengalenga. Nilifungua simu. Sentensi yangu ilikuwa palepale na mabano yake, mfamasia hakuigusa. Niliifuta mwenyewe. Penye kisanduku cha sababu niliandika: "Aliyekuwepo amekanusha." Nilikuwa nakaribia kufunga, nikaona mstari uliokuwa juu yake, ule wa mfamasia, ambao mama aliniambia siku zote niuruke. Nikamsomea mama mudogo kwa sauti: "Wengine walifariki ndani ya mabehewa, na miili yao, mingi ikiwa ya watoto wachanga, iliachwa kando ya reli mahali pasipojulikana." Baada yake palikuwa na nambari ndogo, na chini ya ukurasa gazeti la wakati ule lililoyaandika.

Mama mudogo aliacha majani.

"Ile nani aliandika?"

"Ule muntu wa dawa. Alikuya ku kilio, alikaa nyuma."

Machozi yalimtoka bila sauti. Kisha alijifuta mikono kwenye kitenge na kusogeza kigoda chake karibu na changu. "Pale njo iko mutoto wetu," alisema. "Soma tena."

Nilisoma tena, polepole, wala sikuruka kitu.