Akina Navrátil Wasio na Simu

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa nakaa nyuma ya kaunta ya duka la simu karibu na Gare du Nord ya Brussels: vibanda sita vya mbao, vitano vikifanya kazi. Nasema nilikuwa nakaa, lakini ukweli ni kwamba sikukaa. Mwaka ule kiti kilinichoma. Kwetu vita vilikuwa vimerudi; laini ya Bukavu ilipita siku moja ikakatika siku kumi, na mimi mwenye simu tano za kupiga nipendavyo ndiye niliyeshindwa kumpata mtu. Basi nilitembea. Kutoka kaunta hadi mlangoni hatua tisa, kurudi hatua tisa. Siku moja zilitoka kumi nikajua nimechoka.

Mwenye duka alikuwa Mrundi wa Bujumbura, Mwislamu mpole, ambaye wateja wote walimwita tonton, yaani mjomba, hata waliomzidi umri. Upole wake ulikuwa na mpaka mmoja, nao ulikuwa mteja anayeshikilia kibanda bila kuongea. Simu isiyopokelewa haina bei. Ndiyo maana alimchukia mapema yule mzee wa Jumamosi.

Mzee alikuja kila Jumamosi asubuhi kwa tramu kutoka Uccle, koti limefungwa vifungo vyote, kitabu cha simu kwapani. Zamani alikuwa fundi wa lifti katika ofisi za Umoja wa Ulaya kule Schuman. Sasa alikuwa amestaafu. Alikuwa Mcheki. Kitabu aliletewa na dereva mmoja wa mabasi yanayoegesha ubavuni mwa stesheni, yale yaendayo upande wa kwao. Aliingia kibanda cha tatu, akaweka kidole kwenye ukurasa, akapiga. Haikupokelewa. Kidole kikashuka mstari mmoja. Akapiga tena.

"Maman," tonton aliniambia siku ya tatu, "huyu muzee anasoma kitabu ama anapiga simu? Muulize basi."

Nikamuuliza. Alisema, kwa Kifaransa chake kilichonyooka kama rula, kwamba anamtafuta kaka yake. Nikauliza kaka anaitwaje. Akasema: Navrátil. Nikamwambia hilo ni jina lako wewe, umeliandika kwenye daftari langu. Nauliza la kaka yako. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mahali aliposimama. Navrátil, akarudia.

Sitajitetea sana. Sisi kwa baba yetu tulikuwa watoto saba na majina saba, hakuna lililofanana na jingine wala na la baba. Kwetu Kivu mtoto hupewa jina la kilichotokea siku alipofika. Mmoja anaitwa Mateso, mdogo wake anaitwa Bahati, na karani wa Ubelgiji anakataa kabisa kwamba walinyonya titi moja. Basi jina linalopita kwa ndugu wote kama kikombe kimoja cha maji lilinishangaza, kisha likanifurahisha. Kazi rahisi, nikamwambia. Tafuta kila mwenye jina hilo, ukoo wako wote huo hapo.

Alifungua kitabu akakigeuza kunielekea. Navrátil, kutoka juu ya safu hadi chini. Safu ya pili, Navrátil. Nikafunua: Navrátil. Nilianza kuhesabu, nikapita mia mbili, sikuamini, nikaanza upya, nikapita tena mia mbili mahali palepale. Na hicho kilikuwa kitabu cha upande mmoja tu wa nchi. Kwa kulinganisha nikachukua kitabu cha Brussels kilichokuwa chini ya kaunta. Hawakujaa kiganja, na mmoja wao alikuwa amesimama mbele yangu.

Asubuhi moja ya mvua, vibanda vitupu, alinieleza asili ya jina lile. Ni kitenzi, alisema, cha jambo lililokwisha kutendeka: alirudi. Zamani mtu wa kijijini akichukuliwa vitani, au akitekwa, au akitoroka ardhi ya bwana wake, watu walingoja, wakachoka kungoja, wakagawana vyombo vyake. Kisha siku moja huyo hapo mlangoni, mwembamba, anauliza sufuria yake iko wapi. Tangu siku hiyo alikuwa Yule Aliyerudi, na watoto wake hivyohivyo, hata wale ambao hawajawahi kutoka nje ya uwanja. Wengine, alisema, wanadai ni mtu aliyerudi kwenye dini aliyoiacha. Yeye alipendelea ile ya sufuria.

"Kwa hiyo mko wengi kwa sababu ukoo wenu ulizaa sana," nikasema.

"Hapana, madame. Si ukoo mmoja. Ni vijiji vingi vilivyopatwa na jambo moja."

Hilo nililielewa haraka kuliko alivyodhani. Nilimwambia kwetu kuna watu wanaoitwa Sikujua, wako kila kijiji, na hawana undugu wowote ila huo wa kutojua.

Yeye aliondoka mwaka wa sitini na nane, vifaru vya Warusi vilipoingia. Kaka yake mkubwa alikuwa mwalimu. Kwa sababu ya kutoroka kwa mdogo, alifukuzwa shuleni akapelekwa kuchochea tanuri la makaa kiwandani. Barua zilipungua, zikakoma. Miaka kumi na mmoja baada ya kuondoka kwake, mtu aliyepita Brussels alimwambia mama yao amekufa. Amezikwa wapi? Mtu yule hakujua. Mipaka ilipofunguka mzee alikwenda siku nne. Nyumbani alikuta watu wengine. Kaka alihamia upande wa milima, hakuna aliyejua kijiji. Akaenda makaburini akasoma mawe yote. Wenye jina lake walikuwa wamelala pale safu kwa safu kama kwenye kitabu cha simu. Mama yake hakuwemo.

Hicho ndicho alichotaka, wala si zaidi: aambiwe mama amelazwa wapi. Na alikuwa na haraka, kwa sababu kule kwao kaburi hukodishwa. Muda ukiisha bila mtu wa kulipa, wanamweka mwingine.

Nilirudi kaunta nikasimama. Kisha nikatembea.

Jumamosi iliyofuata nilimhoji kama mnunuzi anayegeuza nyanya. Wenye jina la kwanza la kaka yake alishawapigia? Wote, mwezi wa kwanza. Na sasa anapiga kwa utaratibu gani? Kutoka juu kwenda chini. Anawauliza nini? Kama ni ndugu zake. Wanasemaje? Wanasema hapana, wanakata.

"Na kama kaka yako hana simu?"

Mtu huyu alikuwa ametumia maisha yake ndani ya majengo ambamo hata lifti ina simu. Nilimwambia kwetu ukitafuta watu kwa kitabu cha simu utawapata mapadri na gavana, basi. Watu wenyewe hawamo. Kwa miezi mitatu alikuwa anahesabu akina Navrátil wenye simu, na anayemtafuta yuko katika hesabu nyingine, ile ambayo haijachapwa. Nami nilijisikia mjinga zaidi yake, maana ndani ya kitabu kile nilihesabu mara mbili, nje yake hata mara moja.

Basi nikamfundisha ndoyi. Ndoyi, au somo kama wasemavyo pwani, ni mtu mnayechangia jina. Kwetu hana haja ya kuwa ndugu yako. Akija kwako humfukuzi bila maji, na akikutuma, huwezi kusema hukusikia, kwa kuwa ni kama umejituma mwenyewe. Acha kuwauliza kama ni ndugu, nilimwambia. Wao ni ndoyi wako. Wape kazi.

Alisema Mcheki akipigiwa na mtu asiyemjua na kuambiwa maneno hayo, atakata simu kabla hajamaliza sentensi. Nikamwambia hata sasa wanakata, tofauti iko wapi. Akasema atajaribu kwa watu watano. Nikasema arobaini. Akasema saba. Tulishikana mkono kwenye kumi na tano, na kwa sharti langu: si kwa kushuka safu, bali mmoja kwa kila kijiji cha upande wa milima, kwa kuwa anwani ziliandikwa pembeni. Na swali liwe moja: je, kijijini kwenu kuna mwenzetu mwingine, mzee, aliyekuwa mwalimu, asiye na simu?

Wa kwanza alikata. Wa pili alidhani anauziwa blanketi. Wa tano alicheka akasema mzee anayemjua yeye ana simu mbili. Wa nane alikuwa mwanamke mjane mwenye duka la kijiji. Nilimwona mzee ndani ya kibanda akieleza jambo kwa mkono, akinielekezea mimi kwa kidole, na sauti ya kicheko cha yule mama ikatoka hadi nje. Alitoka amechanganyikiwa. Mama yule, alisema, amemfanya arudie mara mbili kanuni ya madame Mwafrika. Kisha akasema yeye jina hilo hakuzaliwa nalo, alilipata kwa kuolewa, kwa hiyo anaona ni heshima kutumwa nalo.

Huyo mama alifanya ambalo mimi nisingeweza kulibuni. Kule pensheni za wazee huletwa nyumbani na mwanamke wa posta, noti mkononi, kijiji hadi kijiji. Anayeijua milango ya wazee wasio na simu ni yeye. Mjane alimngoja dukani kwake, akampa jina, akampa na keki. Baada ya wiki mbili alipiga dukani kwetu, kwa namba aliyoachiwa na mzee, na kwa bahati ilikuwa Jumamosi na mzee yupo.

Kaka alikuwa hai. Kijiji cha tatu kutoka pale, mwalimu wa zamani, simu alishapewa akaikataa. Mwanamke wa posta alipomtajia mdogo wake, alihesabu noti zake za pensheni, akafunga mlango.

Mzee alikaa kwenye benchi la wateja na kofia magotini. Tonton, ambaye alikuwa amekwisha kusahau kumchukia, alimletea chai yenye sukari nyingi mno.

Siku ya tatu mjane alipiga tena, nami nikaandika alichosema kwa Kijerumani cha kubabaisha, lugha niliyookota kidogo kwa wateja, kwa herufi za kwetu, mzee akaja kusoma. Kaka amekuja dukani kwake kwa baiskeli. Hakununua kitu. Ameuliza tu: siku gani? Hapo tulikuwa kwenye kazi ninayoijua. Bukavu nilikulia kwenye foleni ya phonie, ile redio ya parokia: unatuma neno, mtu anaitwa, siku na saa vinatajwa, naye anakuja kukaa mbele ya chombo. Nikasema: Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye simu ya mjane. Asichelewe, na yeye mzee asichelewe.

Hakuchelewa. Saa tatu na nusu alikuwa ndani ya kibanda cha tatu, mlango ameuacha wazi kwa joto la ndani. Saa nne akapiga. Ilipokelewa. Akasema neno moja, nafikiri jina la kaka yake, kisha kimya. Mita ilianza kuzunguka. Dakika ya kwanza, kimya. Dakika ya pili. Nilisikiliza kwa simu ya kaunta kama laini imekatika, haikukatika. Upande wa pili kulikuwa na mtu anapumua, na tonton alisimama kando yangu akitazama mteja asiyeongea, asiseme kitu. Dakika ya nne kaka akaanza. Aliongea muda mrefu bila kupandisha sauti, mzee akiitikia tu, mkono kwenye ukuta wa mbao.

Alipotoka nilimuuliza neno moja tu.

"Amelazwa wapi?"

"Hajalazwa," alisema. "Yuko kwenye stoo ya chakula ya kaka yangu. Rafu ya juu."

Nilidhani Kifaransa kimemponyoka. Akanieleza. Kule wengi huchomwa, majivu hutiwa katika chombo. Mama alisema asitiwe ardhini na mtoto mmoja, amezaa wawili. Kwa hiyo kaka amemweka, miaka kumi na tisa, juu ya chupa za matango ya siki, na kila anapofungua mlango kuchukua tango anamwona mama, na mdogo wake hamwoni. Alisema hivi, mzee akanitafsiria polepole: "Ardhi ikiganda hawachimbi. Njoo kabla ya Desemba. Usipokuja, mwaka huu namzika mwenyewe. Nimechoka kumpangusa vumbi."

Tonton alisema maneno yake ya msiba kwa Kiarabu, taratibu, akaenda kufunga mlango wa duka ingawa palikuwa na wateja nje. Mimi nilizunguka kaunta, nikarudi, nikazunguka tena.

Mzee aliuliza kwetu mtu aliyechelewa mazishi ya mama yake huingiaje nyumbani, anasema maneno gani. Nilimwambia kwa mama yangu mtu kama huyo hasemi. Anasimama nje ya uwanja mpaka mmoja wa nyumbani atoke kumchukua. Akasema kaka yake hatatoka. Nikasema basi asimame tu. Akauliza inaweza kuchukua muda gani. Nikamwambia sijui, ila anunue viatu vya joto.

Aliondoka Alhamisi kwa basi, viatu vipya, soli nene kama mkate.

Mjane ndiye aliyenipigia, wiki iliyofuata, kunieleza kwa kile Kijerumani chetu kibovu, alivyosimuliwa na mwanamke wa posta aliyejifanya ana barua kwa jirani. Mzee alisimama kwenye geti tangu asubuhi. Theluji kidogo ilikuwa imeanza. Baada ya saa nzima kaka alitoka na kiti, akakiweka nje ya geti, akarudi ndani. Mzee akakaa. Ikapita nusu saa nyingine. Kisha mlango ukafunguka tena, na kaka akaja na kiti cha pili.