Jina la Ishengoma Kwenye Hisa

Mwalimu Prudencia wa Pasiansi alikuwa hajalia tangu mazishi ya mumewe, na majirani walishachoka kulisema jambo hilo. Alikula, alifagia, alikwenda misa ya kwanza, akarudi. Ukimwuliza habari alijibu nzuri, na kwa kweli haikuwa nzuri wala mbaya. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila hii ilishika mwili mzima.

Mumewe, Ishengoma, alipakia mizigo kwenye ndege pale uwanjani mpaka mgongo ukamstaafisha. Shirika lake lilipouza hisa kwa umma, wenzake walinunua pikipiki. Yeye alinunua hisa, akaandikisha majina mawili, lake na la mkewe. Walimcheka sana. Shirika likapata faida, likaanza kutoa gawio, wakaacha kucheka. Kila mwaka masika yakikatika, ujumbe uliingia kwenye simu: "Ndugu Ishengoma na Prudencia, gawio lenu limelipwa." Haikuwa hela ya kujengea ghorofa. Iliwatosha nauli ya basi kupitia Busisi mpaka kwao Muleba, kutandaza nyasi kwenye migomba na kurudi na ndizi za kumpelekea binti yao, Hellen.

Alipokufa wakamzika huko huko kibanjani, kwenye shamba lao la migomba. Gawio likaendelea kuja, na jina lake likaendelea kutangulia. Cheti cha kifo Prudencia alikipeleka benki, akakipeleka kwenye pensheni. Shirika la ndege hakulipelekea. Huko tu Ishengoma alikuwa bado mzima, anapokea faida yake kama kawaida, na mkewe hakuona sababu ya kumharibia. Ujumbe ule aliurudia kuusoma. Ndio pekee uliomgusa, kidogo, chini ya ile ganzi.

Mwaka jana likaja tangazo: shirika limepata faida nono, na sasa litanunua hisa zake kutoka kwa wanahisa. Tangazo lilikuwa refu, lakini Prudencia alisoma mpaka hapo akaiweka simu mezani. Jambo hilo alilijua tangu utoto. Baba yake aliwahi kununua kibanja kwa mlevi mmoja wa ukoo mwingine, aliyeuza bila kuwaambia ndugu zake. Wazee wa ukoo ule wakaja na hela mkononi kuikomboa ardhi yao. Kwa mila za Wahaya, mgeni hana la kubishia hapo. Waliondoka mikungu ikiwa bado michanga, mama amejitwika masufuria, na baba akasema tu kwamba mwenye mali akija na hela yake, mwungwana hasubiri kuambiwa mara ya pili.

Basi mwungwana huzaa mwungwana. Wiki ile ile Prudencia alikwenda mjini kuzirudisha, kwa dalali wa hisa, mama mmoja mwenye sauti ya upole. Kwa kuwa majina yalikuwa mawili, akaambiwa alete cheti cha kifo. Akakileta. Dalali akampa pole, akagonga muhuri, na Ishengoma akafa hata huko. Prudencia alisubiri asikie kitu ndani yake. Hakusikia chochote, akauliza kama anaweza kwenda.

Masika ya mwaka huu yalipokatika, alikwenda dukani kwa Alnoor, muuza vifaa vya ujenzi, kununua koki ya bomba. Alnoor naye alikuwa na hisa zilezile. Alizinunua kwa kumsikiliza Ishengoma, enzi alipokuwa akimpakulia mizigo yake uwanjani. Siku hiyo alikuwa amechangamka. Gawio limeingia, alisema, na kila hisa imelipwa zaidi ya mwaka jana, maana shirika lilinunua hisa nyingi likazifuta, na faida sasa inagawanywa kwa chache zilizobaki. Chungu ni kilekile, walaji wamepungua. Waliouza nao hawakupunjwa, walipata bei nzuri ya siku ile, lakini leo bei imepanda tena. Kisha akamwuliza zake zimeleta nini.

"Zangu niliwarudishia," alisema Prudencia. "Si walikuja kuzikomboa?"

Alnoor akaacha kufunga koki kwenye gazeti. "Mama Hellen, ilikuwa hiari. Mimi sikuwajibu hata neno, na hakuna aliyenifuata."

Maisha yake yote ya ualimu Prudencia aliwaambia watoto wa watu kwamba kuuliza si ujinga. Mwenyewe hakuuliza. Alisimama pale kaunta, na Alnoor, aliyeona uso wake umebadilika, akaharakisha kumtuliza kwamba hakijaharibika kitu, hisa bado zinauzwa sokoni, anaweza kununua kidogo kidogo.

"Nikinunua sasa, wataandika jina la nani?"

"Lako, Mama Hellen. Lako peke yako."

Akaitikia kwa kichwa, akalipia koki yake. Alifika mlangoni, penye mifuko ya saruji. Akaketi juu ya mfuko mmoja. Ganzi ikiachia huuma, na hii ilimwachia mwili mzima kwa mara moja. Alilia kwa sauti, mbele za watu, akimwita mumewe kwa jina.

Alnoor alimletea maji, akachuchumaa kando yake, akamwambia asilie hivyo, hela hutafutwa.