Dole la Mawese kwenye Meza ya Paruke

Leo nimemuuliza mwendesha mashtaka swali moja, sasa naogopa kula chakula cha kwetu.

Munajua kesi yetu na jirani, ya shamba la michikichi kule Kizuka. Jaji alituambia wazi: yote yatakayosemwa kwenye upatanishi yabaki siri. Mule ndani nilikiri kwamba karatasi ya shamba ya marehemu baba niliiandika upya kwa mkono wangu, kwa sababu ile ya zamani ilioza tukiwa kambini Tanzania. Maneno hayo yaliandikwa, kila upande ukapewa nakala, yetu nikaiweka sandukuni.

Asubuhi paruke, ofisi ya mashtaka, wananiita. Bwana mwendesha mashtaka ananisomea maneno yangu kwenye karatasi, neno kwa neno. Eti nimeghushi!

Lakini mimi kichwa ngumu. Nikamwambia, "Bwana, hiyo iko siri ya upatanishi. Mumeipata kwa amri ya jaji gani?"

Karani akaangalia dirisha.

Nikajua nimemshinda.

Kisha akaigeuza karatasi aliyokuwa akinisomea, polepole. "Mama, hatukuichukua kwa jaji. Tuliletewa."

Nyuma kulikuwa na alama ya dole gumba, nyekundu, ya mawese. Mama yangu aliishika ametoka kukamua, mpaka nikamgombeza.

Ni nakala YETU, ile ya sandukuni.

Nyumbani tuko watatu tu: mama, mimi, na kaka yangu, ambaye siku hizi anashinda baa na jirani yule.

Naandika nikiwa uani. Kaka, leo kapika yeye, ameshaita mara mbili: "Dada, njoo, samaki wako wa mukeke anapoa."

Mungekuwa nyinyi, mungeingia?