Jina Lililobanduliwa Mlangoni

Mzee Orrin Tveit hakuwahi kumwekea mnyama kipimo cha moyo kikiwa baridi. Kwanza alikibana kwapani, chini ya koti, huku akimsimulia ng'ombe habari za mvua. Wakulima wa Osterby, kule Iowa, Marekani, walimtania kwamba wake zao hawajawahi kuhurumiwa namna hiyo.

Maren Haugstad alikuja kwake akiwa daktari wa mifugo, mgeni kazini. Mzee hakutaka abaki mwajiriwa. Alimpa hisa, wakawa wabia katika kampuni yao ndogo ya udaktari, na majina yao yakakaa pamoja kwenye kioo cha mlango.

Ng'ombe wanapouzwa nje ya jimbo, sharti daktari awakague ndipo aweke sahihi kwamba ni wazima. Lakini kwa majirani aliokua nao, Mzee Orrin aliona kukagua ni sawa na kuwaita waongo. Walimpigia simu, akauliza hali, akaambiwa ni njema, akatia sahihi. Kundi moja likafika kwa mnunuzi likiwa na kifua kikuu. Bodi ya madaktari wa mifugo ikamfutia leseni.

Maren alidhani msiba umeishia hapo. Mwanasheria akamweleza kwamba asiye na leseni haruhusiwi kumiliki hisa katika kampuni kama ile, wala kuajiriwa nayo, wala jina lake kubaki mlangoni. Maren akauliza kama Mzee anaweza walau kupokea simu. Haiwezekani. Tena akitoa ushauri wa matibabu hata mara moja, kampuni yenyewe inaweza kufungwa, na wilaya nzima ikakosa daktari wa mifugo.

Mzee alimuuzia hisa zake bila kubishana. Alibandua herufi za jina lake mwenyewe, kwa wembe, taratibu, asikwaruze kioo. Asubuhi iliyofuata akaja kama kawaida, akachemsha kahawa, akaketi. Maren alikosa moyo wa kumwambia asije. Na kesho yake vivyo hivyo.

Ndipo asubuhi moja akaingia mkulima Clifford Rasmussen na wenzake.

"Orrin, kumbe umeolewa hapa?"

"Naosha vikombe tu," Mzee akasema. "Mshahara wangu biskuti."

Wakacheka. Kisha Clifford, bila kuwaza, akamgeukia Mzee, si Maren, akamweleza habari za ndama wake anayeharisha na kukataa kunyonya.

"Macho yamezama?" Mzee akauliza, tayari akianza kutibu.

Maren akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mzee, naomba uende nyumbani. Na usirudi tena hapa."

Wanaume wakatazama viatu vyao. Mzee akasuuza kikombe chake, akavaa kofia, akatoka. Maren alimkimbilia hadi kwenye gari, akaanza kueleza sheria, mwanasheria, bodi.

Majira yale ya baridi, kila walipopishana barabarani, Mzee alimwinulia kidole kimoja juu ya usukani, kama wanavyosalimiana watu wote wa kule, lakini hakusimama. Moyo wake ulizimika, akafariki kabla theluji haijayeyuka. Kwa hiyo Maren amebaki na yale Mzee aliyomwambia asubuhi ile kupitia dirisha la gari, injini ikiwa tayari inanguruma.

"Ndama wa Clifford nenda ukamwone mwenyewe. Usikubali maneno ya mtu, binti yangu. Hata yangu."