Pampu ya Mguu

Mke wangu alipofariki, nilihamishia vyuma vyangu sebuleni. Alipokuwa hai hakuruhusu grisi ipite mlango wa nyumba yetu hapa Lubaga. Sasa hapakuwa na wa kunizuia. Watoto walikuwa Ulaya. Asubuhi nilifundisha anatomia, mchana nilipasua wagonjwa, na jioni nilikaa peke yangu nikitengeneza pampu ya kufyonza damu na usaha, inayoendeshwa kwa kukanyaga. Nilikuwa nimechoka kukatikiwa umeme katikati ya upasuaji.

Nilipoimaliza nikaipeleka ofisini kwangu hospitalini, na wenzangu wakaiita cherehani. Hawakunitania kwa ubaya, ila hakuna aliyeomba kuijaribu.

Siku moja aliletwa mama wa Kikongo, muuza vitenge wa soko la Nakivubo, utumbo umetoboka, tumbo limejaa usaha. Tulipolifungua tu, umeme ukakatika na jenereta ikagoma. Taa za betri tulikuwa nazo, lakini mashine ya kufyonza ilinyamaza, usaha ukawa unapanda tusione pa kushona. Nikaagiza pampu yangu iletwe kutoka ofisini. Muuguzi aliikanyaga mpaka jasho likamtiririka. Chupa ikajaa, tundu likaonekana, tukaliziba.

Wodini hakuna aliyemwelewa vizuri yule mama isipokuwa mimi. Alizungumza Kiswahili, ambacho wenzangu wengi hawakukijua vizuri, nami ndicho nilicholelewa nacho. Babu zangu walikuja huku na biashara kutoka pwani. Nikawa nampitia kila jioni, hata baada ya kidonda kukauka.

"Muganga, kwako nani anakupikia?" aliniuliza.

"Najipikia."

"Na nani anakula na wewe?"

Nikajifanya nakagua mshono.

Alipopona alirudi sokoni, na jioni zangu zikawa ndefu tena. Pampu ilikubalika. Chuo kikanipa cheti ukumbini, nikapigiwa makofi, kisha nikashuka kwenye vibanda vya chakula vya Wandegeya na tai yangu shingoni, nikala chapati na mayai katikati ya wanafunzi wasionijua.

Sasa nimestaafu. Pampu ziko katika hospitali kadhaa za wilayani, na namba yangu ya simu imebandikwa kwenye kila moja. Jana alipiga muuguzi mmoja kuuliza jinsi ya kuosha mpira wa kufyonzea. Jibu lake ni fupi: maji moto, sabuni, kisha uuanike. Nikamweleza taratibu, nikarudia. Halafu nikamuuliza kama huko kwao mvua imenyesha.

"Imenyesha, daktari. Tena nyingi."

Nilitaka kumuuliza na habari za mashamba, lakini nikasikia mgonjwa akimwita. Akaniaga kwa haraka, akakata simu.